Korona ya Jua: Lipia Nini, Acha Nini

Anayetaka kuiona korona ya Jua atauziwa vitu vingi, na vingi kati ya hivyo havitamwonyesha korona. Atauziwa miwani ya karatasi, kioo cha kuchomelea, darubini yenye chujio jekundu, na safari ya maelfu ya dola kwenda kulala kando ya mto Nile. Baadhi ni bidhaa nzuri kabisa kwa kazi nyingine. Lakini korona ina masharti yake, na asiyeyajua hutoa pesa nyingi akarudi na picha ya uso wa Jua, ambayo angeipata kwa bei ya daftari mbili.

Korona ni tabaka la nje la angahewa ya Jua: gesi nyepesi mno yenye joto la nyuzi milioni moja na zaidi, ilhali uso wa Jua tunaouona una nyuzi 5,500 hivi. Pamoja na joto lote hilo, mwanga wake ni hafifu. Korona nzima huangaza karibu sehemu moja kwa milioni ya uso wa Jua, yaani inakaribiana na mwezi mpevu. Usiku mwanga wa kiasi hicho unatosha mtu kupita shambani bila tochi, ila mchana unazama kabisa. Kinachouzamisha zaidi ni hewa. Ukisimama kivulini mwa ukuta saa sita mchana, Jua lote likiwa nyuma ya ukuta, anga iliyo juu ya ukuta huo bado ni nyeupe ya kuumiza macho. Ukuta umezuia Jua lisikufikie wewe, lakini haujalizuia lisiifikie hewa iliyo juu yako, na hewa hiyo hutawanya mwanga kila upande. Mwezi hufanya kazi ambayo ukuta hauwezi. Unalifunika Jua ukiwa mbali nje ya angahewa, kilomita zaidi ya 350,000 kutoka hapa, hivyo kivuli chake huiangukia hewa pia. Anga ikiingia giza, korona hutokeza.

Hapo ndipo pesa za watu wengi hupotea. Jua likifunikwa asilimia 99, asilimia moja iliyobaki bado inaangaza mara 10,000 kuliko korona yote. Kwa hiyo kupatwa kwa sehemu, hata kuwe kwa asilimia kubwa namna gani, hakuonyeshi korona. Kupatwa kipete nako ni vivyo hivyo. Wananchi na wageni waliokusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, Septemba 1, 2016, waliona pete safi ya Jua kuzunguka Mwezi. Lilikuwa tukio la kukumbukwa, lakini korona haikuonekana, kwa sababu pete yenyewe ni uso wa Jua. Pete nyingine itapita kusini mwa Tanzania Mei 21, 2031. Itakapofika, matangazo yatakuwa mengi, na msomaji akumbuke kwamba hiyo si safari ya korona.

Chaguo la bei ya bando

Nianze na chaguo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo la bei nafuu kuliko yote. Simu yako inaweza kukuonyesha korona leo hii. Mashirika ya anga ya Marekani na Ulaya huweka picha za vyombo vyao wazi kwa kila mtu, bila ada na bila kujisajili. Tovuti ya Helioviewer hukuruhusu kuchagua chombo, tarehe na saa, kisha ukatengeneza filamu fupi yako mwenyewe. Gharama ni bando la intaneti tu.

Unachokipata ni cha kiwango cha juu. Chombo cha SDO, kilichorushwa Februari 2010, hupiga picha za pikseli 4,096 kwa 4,096 kila baada ya sekunde chache, kwa mawimbi ya urujuanimno ambayo hewa yetu huyazuia yasifike ardhini. Katika mawimbi hayo uso wa Jua huwa mweusi na korona ndiyo inayong'aa, kwa hiyo hakuna haja ya kufunika chochote. Utaona matao ya gesi yakipanda na kushuka kufuata uga sumaku juu ya madoa ya Jua. Utaona pia maeneo meusi yaitwayo matundu ya korona, ambamo upepo wa Jua, yaani gesi inayotiririka kutoka kwenye korona, hutoka kwa kasi.

Chombo cha SOHO ni kikongwe zaidi. Kilirushwa Desemba 1995, nacho hukaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea upande wa Jua. Koronagrafu zake zina kisahani kinacholifunika Jua ndani ya chombo. Ya kwanza kati ya zile zinazofanya kazi huonyesha korona kuanzia kama nusukipenyo mbili za Jua kutoka kitovuni, ya pili hufika hadi 30. Humo ndimo utaona mawingu makubwa ya gesi yakirushwa angani, yale ambayo yakitufikia huvuruga mawasiliano ya redio na mitambo ya umeme.

Hata hivyo chaguo hili lina upungufu, na mtumiaji anastahili kuujua. Picha za SDO huishia karibu na ukingo wa Jua. Za SOHO huanza mbali kidogo, kwa sababu kisahani lazima kizidi ukubwa wa Jua ili mwanga unaopinda kwenye kingo zake usiiharibu picha. Katikati kuna mkanda ambao kwa miaka mingi vyombo hivyo viwili havikuuona vizuri, nao ndio mkanda wenye mambo. Hapo matao yaliyofungwa hufunguka kuwa vishada virefu vinavyochongoka kuelekea angani, na hapo upepo wa Jua huanza kushika kasi. SOHO kilikuwa na koronagrafu ya tatu kwa ajili ya eneo hilo, ikaharibika mwaka 1998 baada ya chombo kupoteza mawasiliano kwa muda. Tangu hapo aliyetaka kuuona mkanda huo kwa ukamilifu alisubiri Mwezi.

Shirika la anga la Ulaya limejaribu kuliziba pengo hilo kwa Proba-3, mradi wa takriban euro milioni 200 uliorushwa kutoka India Desemba 2024. Ni setilaiti mbili zinazoruka pamoja zikiachana mita 150. Ya mbele ina kisahani cha mita 1.4, ya nyuma hukaa ndani ya kivuli chake na kupiga picha, na mpangilio wao lazima uwe sahihi hadi kiwango cha milimita. Umbali huo wa mita 150 ndio siri yake: kifuniko kikiwa mbali na lenzi, mwanga unaopinda hupungua, na korona huonekana karibu zaidi na ukingo. Picha zake za kwanza zilitolewa Juni 2025, na katika kila mzunguko wa saa 19 na nusu hivi iliundwa iweze kutazama hadi saa 6. Ukilinganisha na dakika chache za kupatwa kwa kweli, hiyo ni hatua kubwa sana.

Kwa mwanafunzi au mwalimu, uamuzi wangu ni wazi. Kabla ya kununua kifaa chochote, tumia mwezi mmoja na picha hizi za bure. Wiki moja ya picha za SOHO zikiunganishwa kuwa filamu itafundisha darasa mambo ambayo darubini ya shuleni haiwezi kuyafikia.

Darubini za Jua dukani

Mauzo ya mtandaoni yanachanganya watu hapa kuliko penginepo. Darubini zenye chujio la hidrojeni, zinazoonyesha Jua likiwa jekundu, huanzia mamia ya dola kwa zile ndogo, na nzuri hupita dola 1,000 kwa urahisi. Hapo hujaweka usafirishaji wala ushuru. Baadhi huuzwa kwa majina yanayokaribiana sana na neno korona. Zinaonyesha ndimi za gesi zinazosimama ukingoni na tabaka jembamba liitwalo kromosfia, na zinapendeza mno. Korona hazionyeshi. Chujio likiwa jembamba namna gani, mwanga wa anga bado unapita pamoja na ule unaoutaka.

Swali linalofuata huwa: kwa nini basi nisinunue koronagrafu? Mfaransa Bernard Lyot aliifanikisha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Lakini tazama alichohitaji. Alipanda hadi kilele cha Pic du Midi, mita 2,877 katika milima ya Pyrenees, kutafuta hewa isiyo na vumbi. Alitumia lenzi moja iliyosuguliwa isiwe na mkwaruzo wala kiputo, kwa sababu chembe moja ya vumbi juu ya kioo hutawanya mwanga kuishinda korona. Hata hivyo alipata sehemu ya ndani tu. Leo darubini kubwa ya Jua ya Daniel K. Inouye, kule Haleakalā kisiwani Maui, yenye kioo cha mita 4 na iliyogharimu dola milioni 344, bado imejengwa juu ya mlima wa mita 3,000 kwa sababu hiyohiyo. Inapima uga sumaku wa korona, kazi ngumu ambayo haijawahi kufanywa vizuri hivyo, lakini hutazama kipande kidogo tu kwa wakati mmoja. Anayekuahidi koronagrafu ya kuweka kibarazani Mombasa au Dar es Salaam, penye unyevu na chumvi hewani, anakuuzia kitu kisichowezekana.

Chujio jeupe la karatasi maalumu la kufunika mbele ya darubini ya kawaida ni jambo jingine. Kipande cha ukubwa wa A4 kwa kawaida hakifiki dola 50, kinaonyesha madoa ya Jua vizuri, na kikundi cha shule kinaweza kukigawana kwa darubini mbili. Kama una darubini tayari, hicho ndicho cha kununua. Kifungwe mbele ya darubini, upande wa Jua. Vile vichujio vidogo vya kuweka upande wa jicho hupasuka kwa joto, visinunuliwe hata kwa bei ya kutupa.

Miwani ya karatasi ndiyo inayonunuliwa zaidi, na haina ubaya wowote ikiwa ina alama ya kiwango cha ISO 12312-2 na haina mikwaruzo. Nje ya nchi huuzwa dola 2 hadi 5, na ukinunua kwa wingi bei hushuka. Kazi yake ni kukulinda wakati Jua limefunikwa nusunusu. Korona yenyewe haipiti ndani yake, ni hafifu mno, kwa hiyo dakika za giza kamili huvuliwa. Kioo cha kuchomelea kinachofaa ni namba 14, na vingi vinavyotumiwa na mafundi wetu ni vya namba ndogo zaidi. Filamu za eksirei, vioo vilivyopakwa masizi na beseni la maji vimewadanganya watu wetu kwa vizazi. Mwanga unaoonekana hupungua, mionzi inayochoma jicho inapita, na jicho halina maumivu ya kukuonya. Asiye na miwani asimame chini ya mwembe atazame chini: matundu kati ya majani yataandika hilali kwa mamia juu ya mchanga, bure na bila hatari.

Safari

Tunafika kwenye chaguo ghali, nalo ndilo ambalo ningeliwekea akiba. Afrika Mashariki imewahi kuletewa korona nyumbani. Juni 30, 1973 kivuli cha Mwezi kilivuka kaskazini mwa Kenya. Siku hiyohiyo ndege ya Concorde ilikifukuza kivuli hicho juu ya Sahara na kukaa ndani yake kwa dakika 74. Februari 16, 1980 kikarudi, kikapita Tanzania na Kenya hadi India. Wazee waliokuwa njiani wanaweza kukuhadithia jinsi kuku walivyorudi bandani mchana. Safari hii itabidi tusafiri.

Tarehe ni Agosti 2, 2027. Njia ya kivuli itaanzia Atlantiki, ipite kusini mwa Hispania, Moroko, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, Saudia na Yemen, ikaguse pembe ya kaskazini mashariki mwa Somalia. Karibu na Luxor, nchini Misri, giza litadumu kwa dakika 6 na sekunde 20 hivi, muda mrefu mno kwa tukio la aina hii. Nairobi na Dar es Salaam zitapata kupatwa kwa sehemu tu, na Muscat vilevile.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki kuna milango miwili halisi. Luxor ni wa kwanza. Agosti mawingu pale ni nadra kabisa, na joto la mchana hupita nyuzi 40. Kosa la kuepuka ni kununua tiketi ya Cairo ukadhani umefika: Cairo iko nje ya njia, na kutoka hapo hadi Luxor ni mwendo wa usiku mzima kwa treni. Vifurushi vya kampuni za utalii za nje vinauzwa kwa maelfu ya dola, na sehemu kubwa ya bei hiyo ni meli za kitalii, makaburi ya mafarao na mwongozaji. Korona ni ileile kwa aliyelala hoteli ya kawaida upande wa pili wa mto. Watu wanne au watano wakipanga wenyewe, wakakata tiketi mapema na kugawana vyumba, gharama kubwa itabaki kuwa nauli ya ndege na viza.

Mlango wa pili ni Jeddah, na ninashangaa hauzungumzwi zaidi kwetu. Jeddah itapata kama dakika 6 za giza, Makka kama dakika 5, zote baada ya saa saba mchana. Kwa Mwislamu aliyekusudia Umra, kuipanga safari hiyo iangukie juma hilo hakuongezi gharama kubwa, na atakuwa pale wakati swala ya kupatwa kwa Jua inasaliwa. Madina iko nje ya njia, kwa hiyo ratiba ya kikundi iangaliwe: atakayekuwa Madina siku hiyo ataikosa korona. Ndugu na jamaa walioko Jeddah kikazi wanaweza kuwa na msaada mkubwa wa malazi. Yemen na Somalia zina muda mzuri wa giza kwenye ramani, lakini hali ya usalama haimruhusu mwandishi kumshauri mtu aende.

Anayeona 2027 imembana ana nafasi nyingine Novemba 25, 2030, njia itakapopita Namibia, kusini mwa Botswana na Afrika Kusini hadi Durban. Botswana inafikika kwa barabara kupitia Zambia na daraja la Kazungula, na hilo linapunguza gharama kwa watu wa Tanzania. Lakini giza halitafika dakika 3 nchi kavu, na Novemba ni msimu wa mvua upande wa mashariki. Dakika 6 za Luxor chini ya anga kavu zina thamani kubwa kuliko tofauti ya nauli.

Ukiwa na pesa za kifaa kimoja tu cha kubeba, beba darubini ya macho mawili, ya 7x50 au 10x50. Huo ndio ununuzi bora kuliko wote katika makala haya. Kwa macho matupu korona ni mwanga mweupe wenye ncha kuzunguka duara jeusi. Kwa darubini hiyo, katika dakika za giza kamili, utaona nyuzi nyembamba zikitoka ncha ya kaskazini na ya kusini, vishada vikiinama juu ya ndimi nyekundu za ukingoni, na utajua hapohapo uga sumaku wa Jua umelala vipi. Jua lilifikia kilele cha shughuli zake mwaka 2024, hivyo 2027 itakuwa njiani kutulia, na vishada vinatarajiwa kuanza kukusanyika upande wa ikweta yake. Weka kengele ya simu ilie nusu dakika kabla ya giza kwisha, na ikilia, shusha darubini mara moja.

Kamera ni bei juu ya bei. Mwanga wa korona hupungua mara mia na zaidi ukitoka ukingoni hadi kimo cha nusukipenyo moja tu, kwa hiyo picha moja haiwezi kuushika wote: ukipata karibu, mbali ni giza, ukipata mbali, karibu pameungua. Wapiga picha hupiga mfululizo kuanzia 1/1000 ya sekunde hadi sekunde moja au mbili, kisha huziunganisha kwenye kompyuta. Miloslav Druckmüller, mwanahisabati wa Brno, ametumia miaka kuandika programu za kuunganisha picha za namna hiyo, na matokeo yake hutumiwa na wanasayansi kama Shadia Habbal wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ambaye huongoza timu za kukimbiza kivuli duniani kote. Picha zao utaziona bure. Kama ni safari yako ya kwanza, lenzi kubwa iache nyumbani na dakika hizo zitumie kutazama.

Hivyo basi: bando la intaneti kuanzia leo, miwani yenye ISO 12312-2 kwa kila mtu wa nyumbani, darubini ya macho mawili kabla ya darubini yoyote nyekundu, na akiba ya kila mwezi kwa ajili ya Luxor au Jeddah. Kabla hujalipia chumba, fungua ramani ya njia ya kivuli uhakikishe mji wako uko ndani yake. Kupatwa kwenyewe kutakuwa siku ya Jumatatu, na vyumba vya Luxor havitakungoja.